Wafu wetu na wafu wao: maandamano ya Thailand yanatuonyesha nini?



Leo napenda tuzungumze juu ya Thailand. Najua wamoja watauliza: mtu wa agronomia anatafuta nini mu siasa ya Asia? Mimi niliingia ile inchi kwa njia ya mchele. Huwezi kusoma soko la mchele la dunia bila kukutana na Thailand, na mifuko yake inafika mpaka mu masoko yetu huku. Nilipoanza kufuata maisha ya wakulima wa kule, nikakuta kwamba wengi wa watu walewale wanaolima ule mchele njo walijaza barabara za Bangkok mu 2010. Wamoja wao hawakurudi nyumbani.

Swali langu ni moja. Kiongozi wa maandamano akipigwa risasi mbele ya watu, kazi ya ile risasi inaisha wapi? Wengi tunafikiri inaisha pale mtu anaanguka. Mimi nasema hapana. Nusu ya kazi inafanywa na muuaji, nusu ingine inafanywa na sisi tunaobaki, kwa namna tunavyopokea ile habari. Thailand ni mfano wazi, juu kule, kati ya 2010 na 2014, kila upande ulipata zamu yake ya kulia na zamu yake ya kusema "alijitafutia".

Kwanza tuelewe zile rangi

Kaskazini-mashariki ya Thailand kunaitwa Isan. Udongo wake mwingi ni wa mchanga, rutuba ni kidogo, na mashamba mengi yanategemea mvua tu. Kwa hiyo mkulima wa pale kwa kawaida anavuna mchele mara moja kwa mwaka. Katikati ya inchi, kandokando ya mto Chao Phraya, kuna mifereji ya maji na watu wanaweza kuvuna mara mbili. Basi kwa miaka mingi vijana wa Isan wamekuwa wakishuka Bangkok kuendesha teksi, kujenga manyumba, kufanya kazi mu viwanda, na kutuma pesa kijijini. Mji ulikula mchele wao na kutumia mikono yao. Lakini saa ya kuamua mambo ya inchi, walikuwa wanahesabiwa kama watu wasiojua kitu.

Mu 2001 tajiri mmoja wa biashara ya simu, Thaksin Shinawatra, akashinda uchaguzi. Serikali yake ilileta matibabu ya baht 30 kwa kila mara mgonjwa anafika hospitali, mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji, na kusimamisha kwa muda madeni ya wakulima. Vijijini wakampenda. Wapinzani wake wakamshtaki rushwa na kiburi, na vita yake ya 2003 dhidi ya madawa ya kulevya iliacha watu wengi wamekufa bila hukumu ya mahakama. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Munielewe vizuri: siandiki hapa ili kumtetea.

Tarehe 19 mwezi wa tisa 2006 jeshi likampindua. Kuanzia pale barabara ikagawanyika. Upande mmoja walivaa shati ya njano, rangi ya mfalme Bhumibol. Wengi walikuwa watu wa mji na wa kusini. Upande mwingine walivaa shati nyekundu. Wengi walitoka kaskazini na Isan. Mu 2008 watu wa njano walifunga viwanja vya ndege vya Bangkok, mahakama ikavunja chama kilichokuwa kinatawala, na mwezi wa kumi na mbili wabunge wakamweka Abhisit Vejjajiva kuwa waziri mkuu bila uchaguzi mpya. Wekundu wakaona kura yao imeibwa mara ya pili.

Risasi ilikuwa imeshaanza kutafuta viongozi. Tarehe 17 mwezi wa ine 2009, asubuhi mapema, watu wenye silaha walimimina risasi zaidi ya 100 ku gari la Sondhi Limthongkul, kiongozi wa watu wa njano. Yeye alijeruhiwa kichwa lakini akapona.

Jenerali aliyepigwa akiongea na wandishi wa habari

Mwezi wa tatu 2010 wekundu wakaingia Bangkok kwa maelfu, wanaomba bunge livunjwe na uchaguzi ufanyike. Tarehe 10 mwezi wa ine jeshi lilijaribu kuwaondoa, na usiku ule watu zaidi ya 20 wakakufa, raia na askari. Mmoja alikuwa Hiroyuki Muramoto, mpiga picha wa Reuters kutoka Japani. Wekundu hawakuondoka. Walijenga vizuizi vya mianzi na matairi kuzunguka Ratchaprasong, mahali pa maduka makubwa ya kitajiri.

Kati yao kulikuwa jenerali mmoja wa jeshi, Khattiya Sawasdipol. Watu walimwita Seh Daeng, yaani kama "jenerali mwekundu". Jeshi lilikuwa limemsimamisha kazi. Alikuwa anatembea ku vile vizuizi mu nguo zake za kijeshi, watu wanaomba kupiga naye picha. Hakuwa malaika. Serikali ilimshuku kuwa nyuma ya mashambulio ya gurneti mu mji, naye alikana. Alisema viongozi wenzake wa wekundu ni wapole sana, na wakati Abhisit alitoa pendekezo la uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja, yeye alikuwa kati ya waliopinga kuondoka.

Tarehe 13 mwezi wa tano, jua likiisha kuzama, alikuwa amesimama karibu na bustani ya Lumphini anajibu maswali ya wandishi wa habari, mmoja wao wa gazeti la New York Times. Risasi moja ikamwingia kichwani. Akakufa tarehe 17, akiwa na miaka 58. Jioni ileile jeshi lilikuwa limetangaza linazunguka lile eneo. Serikali ilikana kwamba njo ilimlenga.

Sasa tuangalie watu walipokeaje ile habari. Kwa wekundu alikuwa shahidi, na hasira ikapanda. Siku zilizofuata barabara za pale zikawa uwanja wa vita, watu kwa makumi wakakufa. Ku upande mwingine wamoja walifurahi. Wengine hawakufurahi, lakini walisema maneno ambayo hata sisi huku tunayajua: amevuna alichopanda, nani alimtuma kusimama pale, mtu wa vita anakufa kwa vita. Mu yale maneno hakuna hata moja linalouliza nani alivuta bunduki, kwa amri ya nani, kwa sheria gani.

Mtu anaweza kunipinga: je, jenerali aliyeshukiwa kurusha gurneti si tofauti na mama anayeuza chakula ku maandamano? Tofauti iko. Lakini mahali pa kuipima ile tofauti ni mahakama. Kama alikuwa na makosa, kesi ingeyaonyesha, na labda ingeonyesha pia nani alikuwa pamoja naye. Risasi ilifunga ule mlango. Na watu walipokubali kwamba yeye anaweza kuuawa bila kesi, hawakuweka alama mahali ile ruhusa inasimama. Siku sita nyuma yake, tarehe 19 mwezi wa tano, jeshi lilipoingia kumaliza maandamano, watu sita walipigwa risasi wakakufa mu hekalu la Wat Pathum Wanaram, mahali palipotangazwa kuwa pa usalama. Mmoja wao alikuwa msichana wa kujitolea aliyekuwa anatunza wagonjwa. Siku ileile akauawa Fabio Polenghi, mpiga picha wa Italia. Hesabu ya msimu wote ilipita watu 90 waliokufa, na majeruhi karibu 2,000.

Mnyama wa shamba na ufagio

Mu luga ya Kithai kuna neno khwai. Ni nyati wa maji, yule mnyama aliyevuta jembe mu mashamba ya mchele kwa vizazi vingi. Mu mji, kumwita mtu khwai ni kumwita mjinga. Wekundu waliitwa "nyati wekundu". Mimi niliyesomea mambo ya shamba, lile tusi liliniuma: mnyama aliyelisha inchi nzima njo anafanywa jina la kudharau wale wanaoilisha. Wekundu nao hawakuwa wasafi. Chama cha Abhisit kiliitwa mende na wapinzani wake. Sisi watu wa Maziwa Makubwa hatuhitaji mwalimu wa kutueleza mtu anapopewa jina la mende kinafuata nini.

Ku Facebook nako kulikuwa kurasa zinazotangaza majina, shule na namba za simu za watu walioonekana kuwa maadui wa ufalme, ili wenzao wawatenge. Wanafunzi walikuwa kati ya waliowindwa. Wale waliokuwa wanawinda walikuwa watu waliosoma, sawa na mimi na wewe.

Kisha ikakuja siku moja inayonisumbua kuliko zote. Tarehe 23 mwezi wa tano 2010, siku ine tu nyuma ya mauaji ya mwisho, wakaaji wa Bangkok kwa maelfu walishuka barabarani na mafagio, ndoo na sabuni. Ilikuwa siku kubwa ya usafi, na wakuu wa mji walikuwa mu mbele. Waliosha barabara, wakaimba, wakapiga picha. Wengi walikuja na roho safi, walitaka tu mji wao urudie hali yake. Maduka yalikuwa yamechomwa na watu walikuwa wamepoteza kazi. Lakini mukumbuke mahali mtu ameuawa ni mahali pa uchunguzi. Damu, maganda ya risasi, tundu ku ukuta, vyote ni ushahidi. Ufagio ulipita juu yake kabla ya wachunguzi kumaliza kazi, na juu ya maombolezo ya wale wa upande mwingine pia.

Wekundu walijibu namna gani? Mmoja wao, Sombat Boonngamanong, alianza kurudi Ratchaprasong siku ya Mungu na vitambaa vyekundu, anavifunga ku kibao cha jina la barabara. Walimkamata mwezi wa sita. Wengine wakaendelea, na sentensi yao ilikuwa fupi: "Hapa kuna watu walikufa." Haisemi walikuwa wazuri. Inakatalia tu ile barabara kujifanya hakukutokea kitu.

2014: zamu inageuka

Mu 2011 dada ya Thaksin, Yingluck Shinawatra, akashinda uchaguzi. Serikali yake ikaahidi kununua mpunga wa wakulima kwa baht 15,000 tani moja, bei iliyopita sana bei ya soko. Wakulima wakafurahi, lakini mchele ukarundikana mu maghala, na mu 2012 Thailand ikapoteza nafasi yake ya kwanza ya kuuza mchele inje.

Mwezi wa kumi na moja 2013, saa za alfajiri, wabunge wa chama chake wakapitisha sheria ya msamaha. Ingemsaidia Thaksin kurudi bila kifungo. Na ingewafutia pia wale walioamuru risasi za 2010! Familia za wekundu waliokufa ziliona wafu wao wanauzwa na viongozi wao wenyewe. Seneti iliikataa ile sheria, lakini moto ulikuwa umewaka. Watu wa upande mwingine walikuwa wameshuka barabarani kwa maelfu, mara hii wakiongozwa na Suthep Thaugsuban. Ni yuleyule aliyekuwa naibu waziri mkuu mu 2010 na aliyesimamia kituo cha serikali cha kukabili maandamano ya wekundu. Sasa yeye njo alikuwa barabarani, na risasi zikaanza kuanguka ku watu wake.

Tarehe 22 mwezi wa kwanza 2014, Kwanchai Praipana, kiongozi wa wekundu wa Udon Thani, akapigwa risasi nyumbani kwake, akapona. Siku ine nyuma, tarehe 26, Suthin Tharathin, kiongozi mmoja wa waandamanaji wa Suthep, alikuwa juu ya gari anahutubia watu huko Bang Na, ku kiunga cha Bangkok. Walikuwa wanazuia watu kupiga kura ya mapema. Akapigwa risasi, akakufa. Na yale maneno yakarudi, mara hii ku midomo ya wekundu: nani alimtuma kuzuia kura? Alijitafutia. Ni kweli kuzuia kura ya wengine ni kosa. Lakini adhabu ya lile kosa imeandikwa mu sheria, na haikuandikwa risasi.

Mwezi wa pili, mashambulio ku mikutano ya Trat na ya Bangkok yaliua hata watoto. Tarehe 23 mwezi wa ine, Kamol Duangphasuk, mshairi wa wekundu, akapigwa risasi akakufa mu Bangkok. Mshairi, bila hata bendera mu mkono. Wakati ule wakulima kwa malaki walikuwa bado wanangoja pesa ya mpunga waliouza kwa serikali, na madeni yanapanda.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2014 jeshi likachukua mamlaka. Likakataza hata mkutano wa kisiasa wa watu watano ao zaidi. Mkubwa wake, Prayuth Chan-ocha, akakaa mu kiti cha waziri mkuu mpaka 2023. Pande mbili ziliuana kwa miaka, halafu wa tatu akabeba funguo za nyumba.

Panga lisilooshwa

Sasa nirudi ku kazi yangu, juu pale njo naelewa vizuri zaidi. Munajua ule mnyauko wa migomba unaomaliza mashamba yetu ya Kivu. Njia moja kubwa ya kuusambaza ni panga. Mtu anakata mgomba mgonjwa, halafu anapita na panga lilelile ku shamba lingine bila kulisafisha kwa moto ao dawa. Jirani anayecheka shamba la mwenzake likikauka hajui kwamba lile panga linakuja kwake. Panga halina chuki na mtu. Linabeba tu bakteria.

Mauaji bila hukumu ni lile panga. Na nikiangalia Thailand, naona hatua zilezile zinarudia. Kwanza unampa mtu jina la mnyama. Akiuawa, unauliza alikuwa anafanya nini pale, huulizi nani alimuua. Kisha unaosha barabara haraka maisha yaendelee. Kesi inazeeka. Halafu silaha inahamia upande wako, na siku ile unapolia, wenzako wanakujibu kwa maneno yako mwenyewe.

Juu ya kesi, tuseme kweli, si kwamba hakuna kitu kilifanyika. Mahakama ya Bangkok ilichunguza vifo vya hekalu, na mu 2013 ikasema wale sita waliuawa na risasi zilizotoka upande wa askari. Abhisit na Suthep walishtakiwa kwa mauaji ya 2010, lakini mu 2014 mahakama ya jinai ilisema haina mamlaka juu ya ile kesi, na mu 2017 mahakama kuu kabisa ikakubali hivyo. Ukweli ulipatikana kwa sehemu, hukumu haikukuja. Binti ya Seh Daeng aliingia bunge mu uchaguzi wa 2011. Aliyemuua baba yake hajahukumiwa.

Sisi tufanye nini?

Kwa nini naandika haya mu ukurasa wa waliosoma? Juu ni sisi tunaoandika matangazo ya mashirika yetu, tunaoongoza makundi ya WhatsApp ya promosyo na ya kijiji, tunaotafsiria wazazi wetu habari za radio. Tukiandika "alijitafutia", watu wengi wanaona wamepata ruhusa kutoka kwa msomi.

Napendekeza mambo matatu, ya kawaida kabisa. La kwanza: habari ya kifo ikifika, tuandike jina, umri, mahali na saa, kabla ya kuandika chama ao kabila. La pili: tutenganishe maswali mawili, "alikuwa mtu wa namna gani" na "nani alimuua". La kwanza tunaweza kubishana hata mwaka mzima. La pili haliwezi kungoja. La tatu, na hili njo gumu: tuombe uchunguzi wa kifo cha mpinzani wetu kwa sauti ileile tunayotumia kwa wa kwetu. Si kwa kumpenda. Ni kwa sababu shamba lake na shamba letu zinapitiwa na panga moja.

Ile sentensi ya Ratchaprasong inaweza kuandikwa na mtu wa rangi yoyote: hapa kuna watu walikufa. Tukianza na pale, mabishano ya siasa yatatukuta tungali wote hai.